VirtualBox ikijipigia mfumo yenyewe: tathmini kwa fundi na mkufunzi wa Kigoma

Kupiga Windows au Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya bandia inayoendeshwa na programu kama VirtualBox ndani ya kompyuta halisi, ni kazi inayomrudia fundi wa kompyuta hapa Kigoma kila wiki. Darasa la mitandao linataka mashine kumi za mazoezi. Ofisi inataka kujaribu programu ya hesabu kabla haijaiweka kwenye kompyuta ya mhasibu. Kijana wa Mwanga anataka kujifunza Linux bila kuigusa Windows yake. Na kila mara maswali ni yale yale: lugha gani, kibodi gani, unakubali masharti, diski igawanywe vipi, jina nani, neno la siri lipi, subiri, washa upya.

VirtualBox imeweza kujibu maswali hayo yenyewe tangu toleo la 5.2 la mwaka 2017, ila wakati huo ilikuwa kwa kuandika amri tu. Toleo la 7.0, lililotoka Oktoba 2022, lilileta uwezo huo kwenye dirisha la kutengenezea mashine mpya, na sasa hata asiyeutafuta anakutana nao. Tunaupima hapa kwa macho ya mtu mwenye kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8, bando la kuhesabu, na umeme usiotabirika.

Tuseme mapema tunachofikiri. Uwezo huu unakuokoa vidole, haukuokoi bando, na muda wa mashine kuhangaika na diski unabaki ule ule. Ukiyaacha majibu yake kama ulivyoyakuta, unaweza kupata Ubuntu isiyofungua terminali (dirisha la kuandikia amri), yenye mtumiaji asiye na mamlaka yoyote. Ukiyapanga vizuri kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, ukatengeneza mashine moja safi na kuinakili, basi ni chombo bora kabisa kwa darasa dogo, na hakikugharimu hata senti.

Karatasi ya majibu

Ukiionyesha VirtualBox faili la ISO, yaani nakala ya diski ya kusakinishia mfumo, inalipekua ndani na kutambua ni mfumo gani na toleo lipi. Kisha inaandika karatasi ya majibu kwa lugha ambayo mfumo huo unaielewa: faili la XML kwa Windows, preseed kwa Debian na jamaa zake, kickstart kwa Oracle Linux, Red Hat na wenzao. Karatasi hiyo inawekwa kwenye CD ndogo ya bandia inayochomekwa kwenye mashine pepe. Kisakinishi kinapowaka kinaisoma na kuendelea bila kuuliza.

Hili lieleweke vizuri, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata inatoka hapa. Anayesakinisha ni Windows au Ubuntu yenyewe. VirtualBox kazi yake ni kujaza fomu. Fomu ikiwa ya zamani na ISO ni mpya, au fomu ikiwa na nafasi tupu ambayo kisakinishi hakikubali iwe tupu, kazi inakwama katikati, na ujumbe unaotokea hautataja fomu hata kidogo.

Kwa hiyo kabla hujatengeneza chochote, iulize VirtualBox kama inaijua ISO yako. Kwenye Windows fungua Command Prompt, ingia kwenye folda ya programu, kisha andika:

cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"
VBoxManage unattended detect --iso=D:\iso\ubuntu-22.04.5-desktop-amd64.iso

Itakujibu aina ya mfumo, toleo, na mwishoni mstari unaosema kama usakinishaji wa kujiendesha unawezekana, "yes" au "no". Ikisema "no", usihangaike. Piga kwa mkono au tumia njia ya autoinstall tutakayoieleza. Ikishindwa hata kulitambua faili, shuku upakuaji. ISO iliyoshushwa kwa hotspoti ya simu, ikakatika na kuendelea mara nne, huweza kufika na kasoro. Pima alama yake kwa certutil -hashfile jina.iso SHA256, kisha ulinganishe na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Dakika mbili za kupima zinakuepusha na saa nzima ya kubahatisha.

Kuhusu kuipata ISO yenyewe: Ubuntu 22.04 ya mezani inazidi GB 4, na Windows 11 inaipita kwa uzito. Anayekuja kutoka Dar kwa treni au basi akiwa na flashi ni njia nzuri kuliko bando, mradi flashi hiyo isiwe FAT32. FAT32 haibebi faili moja linalofikia GB 4. Itakataa kunakili hata kama flashi ni ya GB 64 na iko tupu. Ifomati kwa exFAT kwanza.

Kompyuta inayobeba

Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mjini, HP ProBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, zina prosesa inayoweza kubeba mashine pepe, lakini uwezo huo mara nyingi umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Dalili yake ni ujumbe wenye maneno "VT-x is disabled in the BIOS". Zima, washa, ingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tafuta "Virtualization Technology" au "VT-x" (kwa AMD ni "SVM" au "AMD-V"), iwashe, hifadhi, toka.

Tatizo la pili halitoi ujumbe, na ndilo baya zaidi. Kama Windows iliyobeba imewasha Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft wenyewe, au ile kinga inayoitwa "Memory integrity", VirtualBox italazimika kupita kwa mlango wa nyuma. Mashine inafanya kazi lakini inatambaa. Tazama mstari wa chini wa dirisha la mashine pepe wakati inawaka: ukiona kobe wa kijani, ndiyo hali hiyo. Usakinishaji ambao ungeisha mtu akinywa chai unaweza kuchukua nusu siku, na watu huilaumu kompyuta kwamba imechoka. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, zima kinga hiyo ya kumbukumbu, kisha washa upya kompyuta. Ujue tu kwamba umeipunguzia Windows ulinzi. Kwenye kompyuta ya maabara tunaliona ni jambo linalovumilika, kwenye kompyuta ya malipo ya ofisi hapana.

Kwenye RAM ya GB 8, ipe Ubuntu ya mezani MB 4096 na prosesa 2. VirtualBox huwa inapendekeza pungufu ya hapo, na kwa RAM ndogo kisakinishi cha mezani kinaweza kuganda bila kusema kitu. Ubuntu Server inatosheka na MB 2048. Diski weka GB 25 kwa Ubuntu. Windows 11 inadai GB 64, lakini diski ya kukua taratibu haitachukua zote siku ya kwanza. Kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka badala ya SSD, usiwashe usakinishaji wa mashine mbili kwa pamoja. Zitagombania kichwa kimoja cha kusomea na zote zitachelewa.

Dirisha la mashine mpya, uga kwa uga

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kunyooka. Ukishachagua ISO, soma vizuri kisanduku cha tiki kilicho karibu nayo. Katika matoleo ya 7.0 na 7.1 kinasema "Skip Unattended Installation", yaani ukitia tiki unaruka usakinishaji wa kujiendesha. Kuna toleo jipya zaidi ambalo maneno yamegeuzwa: unatia tiki ili kuendelea nao. Anayefuata maelekezo ya zamani bila kusoma kisanduku anapata kinyume cha alichotaka.

Usipobadili kitu, mtumiaji anaitwa vboxuser na neno la siri ni changeme. Yabadilishe yote mawili hapo hapo. Darasa zima likiwa na changeme, mwanafunzi yeyote anaingia kwenye mashine ya mwenzake. Jina la mtumiaji liandike kwa herufi ndogo bila nafasi: fundi, siyo Fundi Mkuu.

Jina la mashine kwenye mtandao lazima liwe na nukta, yaani jina na kikoa chake. Kwa mfano wetu tutatumia mgebuka01 na kikoa maabara.lan. Usitumie kikoa kinachoishia na .local, kwa sababu Linux na Mac hukitumia kwa utafutaji wa majina wa aina nyingine na utakuja kushangaa kwa nini mashine hazionani. Nafasi na alama ya mstari wa chini hazikubaliki kwenye jina hilo. Mtu akiita mashine yake "Ubuntu ya darasa", uga wa jina la mtandao hugeuka mwekundu na kitufe cha kuendelea hakibonyezeki.

Guest Additions ni kisanduku kingine, na chenyewe kinakuja bila tiki. Kitie. Hizo ndizo zinazofanya skrini ijipanue, kipanya kitembee vizuri na folda zishirikishwe. Faili lake tayari limo kwenye folda ya VirtualBox kwa jina VBoxGuestAdditions.iso, kwa hiyo halihitaji bando. Lakini kwenye Linux zinajengwa papo hapo, na kazi hiyo inahitaji gcc na make (programu za kujengea) na vichwa vya keneli, yaani kiini cha Linux, ambavyo kisakinishi huenda kikavitafuta mtandaoni. Mtandao usipokuwepo, mfumo utakamilika ila Guest Additions zitashindwa kimyakimya, na utajua tu pale skrini itakapobaki ndogo kama kadi ya posta.

Ubuntu isiyofungua terminali

Hili linastahili nafasi yake kwa sababu limewakatisha tamaa wengi wanaoanza. Ubuntu 22.04 imejisakinisha vizuri, umeingia, unabofya terminali. Alama ya kusubiri inazunguka kidogo, kisha hakuna kitu. Unabofya tena, vile vile.

Sababu ni neno moja lililokosekana kwenye karatasi ya majibu. Lugha ya mfumo imeandikwa en_US bila kiambatisho cha UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), na terminali ya Ubuntu inakataa kuwaka kwenye mazingira yasiyo ya UTF-8. Juu ya hapo, mtumiaji aliyetengenezwa hakuwekwa kwenye kundi la sudo, la wanaoruhusiwa kazi za msimamizi, kwa hiyo hata ukiipata terminali huna ruhusa ya kurekebisha. Mtu anajikuta kafungiwa nje ya nyumba aliyoijenga jana.

Dawa iko hivi. Shika kitufe cha Host, ambacho kwa kawaida ni Ctrl ya kulia, pamoja na F3. Skrini nyeusi ya maandishi itatokea. Ingia kwa jina na neno la siri lako. Andika su - kisha neno la siri la root (msimamizi mkuu wa Linux), ambalo katika usakinishaji huu ni lile lile ulilompa mtumiaji. Ukishakuwa root:

usermod -aG sudo fundi
nano /etc/default/locale

Ndani ya faili hilo, mstari wa LANG uwe LANG=en_US.UTF-8. Hifadhi kwa Ctrl na O, toka kwa Ctrl na X, kisha andika locale-gen en_US.UTF-8 na reboot. Baada ya hapo terminali inafunguka na sudo inafanya kazi.

Kama unapenda mfumo wa Kiswahili, sw_TZ.UTF-8 ipo kwenye Linux na inatumika vizuri. Isiyokuwepo ni en_TZ. Windows inayo "English (Tanzania)" kwenye orodha yake, na mtu huiiga akidhani Linux nayo inayo. Matokeo ni malalamiko ya locale (mpangilio wa lugha) kila unapoandika amri.

Windows inayodai haioni masharti

Upande wa Windows kosa maarufu ni hili: "Windows cannot find the Microsoft Software License Terms". Mtu anatupa ISO, anashusha nyingine, bando linakwisha, na kosa linabaki. ISO mara nyingi ni nzima. Mara nyingi tatizo ni karatasi ya majibu: ina sehemu ya ufunguo wa bidhaa iliyo tupu au isiyolingana na toleo lililochaguliwa, na kisakinishi hakijui kikuonyeshe masharti ya toleo lipi. ISO moja ya Windows hubeba matoleo kadhaa, Home, Pro na mengine, kwa hiyo kwenye dirisha chagua "Edition" inayoendana na ufunguo ulio nao. Huna ufunguo? Futa mashine hiyo, tengeneza nyingine kwa kuruka usakinishaji wa kujiendesha, ujibu maswali kwa mkono. Kwa mazoezi ya darasa, Microsoft inatoa ISO ya majaribio ya Windows 11 Enterprise inayodumu siku 90, na kwa kozi fupi hizo zinatosha kabisa.

Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). VirtualBox 7.0 na kuendelea inavyo vyote. Ukichagua aina ya mfumo kuwa Windows 11 64-bit inaviweka yenyewe. Hakuna haja ya zile mbinu za kuchezea rejista zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Anayebaki na VirtualBox 6.1 ndiye anayeteseka, na ushauri wetu kwake ni kupandisha toleo tu.

Kulinda bando

Mashine pepe mpya huunganishwa na intaneti kwa njia ya NAT, maana yake chochote kompyuta yako inachopata nayo inapata. Kisakinishi kinachojiendesha hakikuulizi kama kishushe masasisho. Kama intaneti ni simu iliyowashwa hotspoti, chomoa waya wa bandia kabla ya kuwasha: kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine, toa tiki ya "Cable Connected". Ubuntu ya mezani inasakinishika bila mtandao. Debian ya netinst bila mtandao inakupa mfumo wa msingi tu, maana vifurushi vyake vingi viko mtandaoni. Hapo tafuta ISO kamili ya DVD.

Kisha chagua muda wako. Sakinisha bila mtandao, rejesha waya ukiwa mahali penye Wi-Fi ya uhakika, fanya sudo apt update na sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r), halafu weka Guest Additions. Unafanya hivyo kwenye mashine moja tu, ile itakayokuwa mzazi.

Umeme nao. Laptopu yenye betri nzima haina shida kubwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, ni heri kuifuta mashine pepe yote na kuanza upya kuliko kuendeleza iliyofia njiani. Inaweza kuwaka na kuonekana nzima, kisha baada ya wiki ukagundua vifurushi nusu nusu. Kufuta na kuanza upya kunakugharimu muda wa mashine tu, na hapo ndipo usakinishaji wa kujiendesha unapojilipa.

Ubuntu Server na autoinstall

Kwa seva, sisi tungeacha dirisha la VirtualBox na kuandika karatasi ya majibu wenyewe. Tangu 20.04, Ubuntu Server imeachana na preseed na kuhamia kwenye autoinstall, faili la maandishi la mtindo wa YAML linalosomwa na cloud-init, programu inayoupanga mfumo unapowaka mara ya kwanza. Ni fupi, linaeleweka, na unaliweka kwenye flashi likatumika kokote, hata kwenye seva halisi isiyo pepe. Andika faili liitwalo user-data:

#cloud-config
autoinstall:
  version: 1
  locale: en_US.UTF-8
  keyboard:
    layout: us
  timezone: Africa/Dar_es_Salaam
  identity:
    hostname: mgebuka01
    username: fundi
    password: "weka hapa neno la siri lililosagwa"
  ssh:
    install-server: true
    allow-pw: true

Mstari wa kwanza wenye alama ya reli ni sehemu ya faili, si maoni. Ukiuondoa cloud-init inalipuuza faili zima. Neno la siri haliandikwi wazi. Lisage kwenye Linux yoyote kwa openssl passwd -6, ubandike matokeo yanayoanza na $6$ ndani ya alama za nukuu. Kujongeza ndani ni kwa nafasi mbili mbili, kamwe si kwa Tab. Tab moja iliyojificha inatosha kukufanya uone maswali yote ya kisakinishi kana kwamba hukuandika kitu, na jicho haliwezi kuitofautisha na nafasi.

Tengeneza faili lingine tupu liitwalo meta-data, kisha uyafunge yote mawili kuwa ISO ndogo:

cloud-localds mbegu.iso user-data meta-data

Amri hiyo imo kwenye kifurushi cha cloud-image-utils, na inaipa diski jina la cidata, ambalo ndilo cloud-init inalitafuta. Ukitengeneza ISO kwa programu nyingine, jina hilo la diski liweke mwenyewe. Kwenye mashine pepe chomeka CD mbili za bandia: ISO ya Ubuntu Server na mbegu.iso. Washa. Kisakinishi kitaiona karatasi, kitauliza swali moja tu kama kweli kiendelee, andika yes. Swali hilo lipo kwa makusudi, kwa sababu autoinstall inafuta diski bila huruma, na mtu anaweza kusahau flashi ya mbegu kwenye kompyuta yenye kazi za watu. Ukitaka lisiulizwe kabisa, ongeza neno autoinstall kwenye mstari wa keneli katika GRUB, menyu ya kuwashia Linux. Kwa darasa, tunashauri swali libaki.

Kuandika badala ya kubofya

Mwenye mashine nyingi za kutengeneza atapenda amri kuliko dirisha. Mashine ikishatengenezwa na kupewa diski, usakinishaji unaanza hivi:

VBoxManage unattended install mgebuka01 --iso=D:\iso\ubuntu-22.04.5-desktop-amd64.iso --user=fundi --password-file=D:\siri.txt --full-user-name="Fundi wa Maabara" --hostname=mgebuka01.maabara.lan --locale=en_US --country=TZ --time-zone=Africa/Dar_es_Salaam --start-vm=gui

Majina ya baadhi ya vigezo, hasa vya neno la siri, yamekuwa yakibadilika kati ya matoleo. Andika VBoxManage unattended install peke yake bila kitu kingine, na toleo lako litakuorodheshea vigezo linavyovikubali. Ukiweka headless badala ya gui mashine itawaka bila dirisha, lakini kwa mara ya kwanza usifanye hivyo. Kosa likitokea na hakuna dirisha, utasubiri hadi jioni mashine ambayo imesimama ikingoja ubonyeze Enter.

Mashine mzazi na watoto wake

Usisakinishe mara kumi. Sakinisha mara moja, rekebisha locale, sudo, Guest Additions na masasisho, zima mashine, halafu inakili. Kwenye VirtualBox kuna nakala kamili na nakala iliyofungamana. Nakala kamili inachukua nafasi yote ya diski upya. Iliyofungamana inahifadhi tofauti tu na ni nyepesi sana, lakini ukimfuta mzazi watoto wote wanakufa. Kwa kompyuta yenye SSD ya GB 256, iliyofungamana ndiyo inayokuachia nafasi zaidi ukiwa na mashine nne au tano.

Wakati wa kunakili, chagua kutengeneza anwani mpya za MAC (kitambulisho cha kadi ya mtandao) kwa kadi zote za mtandao. Na kabla ya kumzima mzazi kwa mara ya mwisho, kama ni Ubuntu Server, futa yaliyomo kwenye kitambulisho cha mashine:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id

Ukiacha hatua hii, watoto wote wanabeba kitambulisho kimoja, na seva ya DHCP ya ruta, ile inayogawa anwani, inaweza kuwapa anwani moja ya IP ingawa MAC zao ni tofauti. Kwenye NAT hutaliona, maana kila mashine iko kwenye kibanda chake yenyewe na zote zina 10.0.2.15 bila kugongana. Siku utakapobadili kuwa Bridged, yaani mashine pepe ziingie moja kwa moja kwenye mtandao wa ruta, ili wanafunzi waonane, mashine zitaanza kunyang'anyana mtandao, moja ikipata nyingine inapoteza.

Kumpeleka mzazi kwenye kompyuta nyingine za darasa, mtoe kama faili la OVA, faili moja lenye mashine nzima, kwa menyu ya "Export Appliance", mbebe kwa flashi ya exFAT, muingize kule. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa kila kompyuta na haigusi bando.

Mbadala uliopo

VMware Workstation Pro imekuwa bure kwa wote, hata ofisi za biashara, tangu Novemba 2024, na kipengele chake cha Easy Install kinafanya kazi ile ile. Anayetumia Linux kama mfumo mkuu ana virt-install yenye kigezo cha --unattended, nyepesi na ya haraka, lakini inadai mtu anayependa terminali. Kwa maabara yenye Windows na wakufunzi wenye ujuzi tofauti tofauti, bado tunaichagua VirtualBox, kwa sababu OVA na picha zake za hali (snapshots) ni rahisi kumfundisha mtu ndani ya kipindi kimoja. Jambo la leseni lizingatiwe: programu yenyewe ni huria chini ya GPL, lakini Extension Pack, kifurushi chake cha nyongeza, ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu tu. Ofisi ya biashara isiiweke kwa mazoea. Kusakinisha mfumo kwa kujiendesha hakuihitaji hata kidogo.

Kazi ikishakwisha, fungua folda ya mashine mzazi, ambayo kwa kawaida imo ndani ya "VirtualBox VMs". Utakuta mafaili yanayoanza na neno Unattended. Mojawapo ni ile karatasi ya majibu, na ndani yake neno la siri limeandikwa wazi kabisa, linasomeka hata kwa Notepad. Watu huinakili folda nzima kwenye flashi na kuipitisha darasani na mafaili hayo yamo. Toa kwanza ile CD ndogo ya bandia kwenye mipangilio ya Storage, la sivyo mashine itagoma kuwaka ikiitafuta, kisha uyafute mafaili hayo yote, na faili la siri.txt nalo kama ulilitumia.